Figo za mume wangu zimefeli: twende India au tubaki nyumbani?

*"Daktari, shikamoo. Mume wangu ana miaka 46. Figo zake zimefeli kwa sababu ya presha, na huu ni mwezi wa kumi na moja anasafishwa damu mara tatu kwa wiki hapa Mwanza. Tumepata wakala anayepeleka wagonjwa India. Ametupa karatasi ya dola 13,500, 'kila kitu ndani', upasuaji Delhi, na anasema baada ya wiki tatu tutakuwa tumerudi mgonjwa akiwa amepona. Mdogo wake wa kiume, miaka 29, yuko tayari kumpa figo, ila shangazi zao wanasema akitoa ataishiwa nguvu za kiume na uzee hatauona. Wakala anasema hilo lisitusumbue: tukiongeza dola 6,000 atapatikana mtoaji huko huko, ataandikwa kama binamu. Wengine wanasema Muhimbili nao wanapandikiza, lakini twende India kwenye uhakika. Tumeshaanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja chetu cha Buswelu. Tushauri kama ndugu."*

Marahaba, dada yangu, na pole kwa kuuguza. Miezi kumi na moja ya kupanda na kushuka ngazi za hospitali mara tatu kwa wiki si mchezo, na najua ndiyo maana mtu akija na karatasi yenye bei moja na tarehe moja anaonekana mkombozi.

Nianze na lisilosubiri. Huyo mtoaji wa dola 6,000 mkataeni leo, na kwa sababu hiyo hiyo mwachaneni na wakala mwenyewe. Sheria ya India ya upandikizaji wa viungo ni ya mwaka 1994, ikakazwa zaidi mwaka 2011. Mgonjwa kutoka nje haruhusiwi kupandikizwa figo ya raia wa India aliye hai isipokuwa wawe ndugu wa karibu, na sheria imewataja hao ndugu: mume, mke, mzazi, mtoto, kaka, dada, babu, bibi, mjukuu. Binamu hayumo, kwa hiyo hata uongo wenyewe umetungwa ovyo. Kununua au kuuza figo huko ni kifungo cha miaka 5 hadi 10, pamoja na faini ya kuanzia rupia milioni 2 hadi milioni 10, na sheria inamgusa anayelipa sawasawa na anayepokea. Wakala atakuwa Mwanza akinywa chai. Watakaokuwa mbele ya polisi wa Delhi ni ninyi, na mmoja wenu ana mshono tumboni.

Na hata ukiacha sheria, kitabibu ni kujitia hatarini. Mtu anayeuza figo kwa sababu ya shida ana kila sababu ya kuficha presha, kisukari au homa ya ini, kwa kuwa akisema ukweli hapati fedha. Wagonjwa wanaorudi na figo za kununuliwa tunawajua: mara nyingi wanarudi mapema mno, na maambukizi, na karatasi ambazo hazisemi nani alitoa nini.

Kusafiri na mtoaji wenu wenyewe ni jambo jingine kabisa, tena ni halali. Mdogo wake mumeo anaruhusiwa, na wewe mke unaruhusiwa. Ila mjue kwamba mgonjwa au mtoaji akiwa mgeni, hakuna hospitali India inayoweza kupandikiza bila idhini ya kamati maalumu. Kamati inataka barua ya ubalozi wetu New Delhi inayothibitisha undugu, kisha inawaita mgonjwa na mtoaji na kuwahoji. Mtoaji akiwa mwanamke, uangalifu unaongezwa: ridhaa yake lazima ithibitishwe na mtu asiye mgonjwa mwenyewe, wahakikishe hakushurutishwa na familia. Mimi naona ni utaratibu mzuri, na natamani hata vikao vyetu vya ukoo vingekuwa nao.

Hapo ndipo familia nyingi hukwama kabla hata ya kukata tiketi. Ndugu wawili waliozaliwa kijijini, mmoja ana cheti cha kuzaliwa cha RITA, mwingine hana. Kwenye cheti baba ana majina mawili, kwenye kitambulisho cha NIDA ana matatu, kwenye pasipoti herufi moja imeruka. Kwetu hayo ni mambo ya kawaida, lakini mbele ya kamati ni watu wawili wenye baba wawili. Vyeti visahihishwe hapa nyumbani mkiwa na muda, maana kufuatilia RITA ukiwa umepanga chumba Delhi kwa bei ya kila siku ni maumivu. Pale karatasi zinaposhindwa, kipimo cha vinasaba kinaweza kuombwa, na nacho kina gharama.

Sasa hilo neno "amepona". Wakala amewaambia wiki tatu, na naona hata ninyi mmelipokea kana kwamba figo ni jino linang'olewa na kuwekwa jingine. Figo mbili nzima huchuja takribani lita 180 za maji ya damu kila siku, usiku na mchana bila kupumzika. Mashine inafanya kazi hiyo kwa saa kama 12 katika wiki yenye saa 168, ndiyo maana mumeo anachoka na kubanwa na masharti ya maji na chumvi. Figo ya kupandikizwa inamrudishia sehemu kubwa ya hizo saa. Haiwekwi mahali pa zile za zamani. Zile kwa kawaida huachwa zilipo, na mpya hulazwa chini ya tumbo upande mmoja, juu kidogo ya kinena, ikaunganishwa na mishipa ya damu ya mguu na kibofu. Ikipokea damu vizuri, inaweza kuanza kutoa mkojo mgonjwa akiwa bado mezani.

Lakini kinga ya mwili haijui habari za kiwanja mnachotaka kuuza. Inaiona figo hiyo kama ilivyo, mgeni aliyeingia bila ruhusa, na itaishambulia siku yoyote itakapopata nafasi, mwaka wa kwanza au wa kumi. Kinachoizuia ni dawa, kwa kawaida aina tatu: takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni. Atazimeza kila siku, kwa saa zile zile, maadamu figo inafanya kazi. Takrolimasi ndiyo yenye makuu. Ikipungua kwenye damu, kinga inaamka. Ikizidi, dawa yenyewe inaiunguza figo na mikono inatetemeka. Kwa hiyo kiwango chake kinapimwa kwa damu inayochukuliwa asubuhi kabla ya kumeza dozi, saa 12 hivi baada ya ile ya jioni. Mwanzoni ni kila baada ya siku chache, halafu kila wiki, halafu kila mwezi, na baada ya hapo hakukomi.

Mkijumlisha, wiki tatu hazitoshi hata kwa upande wa India. Kuna vipimo vya kurudia, kuna kamati, kuna upasuaji, halafu mgonjwa analazwa kama wiki moja au siku kumi mambo yakienda vizuri. Baada ya hapo anahitajika karibu na kliniki wakati dozi zinatafutiwa mahali pake, na ndicho kipindi ambacho mwili hupenda kuikataa figo. Pangeni miezi miwili hadi mitatu kwa mgonjwa. Mtoaji anaweza kutangulia kurudi, akisharuhusiwa na daktari.

Umenitumia picha ya ile karatasi, na nimeisoma. "Kila kitu ndani" imeandikwa kwa herufi kubwa juu. Chini, kwa herufi ndogo, kuna siku 10 za kulazwa mgonjwa na siku 5 za mtoaji, upasuaji, na dawa za wodini. Sijaona vipimo vya kabla. Sijaona gharama ya kusafisha damu wakati mnasubiri kamati, na mumeo hawezi kuruka zamu. Hakuna chumba cha kukaa baada ya kuruhusiwa, hakuna dawa za kuondoka nazo, hakuna vipimo vya damu vya kila wiki, wala neno moja juu ya nani analipa figo ikigoma na mgonjwa akarudishwa wodini. Tiketi na visa nazo hazimo. Hapo dola 13,500 zimekwisha na bado hamjanunua hata chapati.

Wala msidhani mnahitaji wakala ili mpate bei nzuri. Hospitali kubwa za Delhi, Chennai na kwingineko zina ofisi ya wagonjwa wa kimataifa inayojibu barua pepe moja kwa moja. Wengi wa hawa mawakala hulipwa kamisheni na hospitali kwa kila mgonjwa. Si kosa, kila mtu ana riziki yake, ila mjue kwamba anayewashauri muende ana faida mkienda. Watumieni hospitali majibu ya vipimo, ombeni makadirio yaliyochanganuliwa, na mwulize jina la daktari wa figo atakayemwona mumeo baada ya upasuaji, kwa kuwa daktari mpasuaji mtaagana naye mapema. Hospitali ikisema imepewa ithibati ya NABH ya India au JCI ya Marekani, ithibati hizo zinaweza kuhakikiwa kwenye tovuti za taasisi zenyewe. Na muende kwa visa ya matibabu. Visa ya utalii itawakwamisha.

Nije kwa Muhimbili, maana umeitaja kama vile ni kujaribu bahati. Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017 wakishirikiana na madaktari kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018 kwa ushirikiano na Wajapani. Wakati huduma inaanza, hesabu iliyotajwa hadharani ilikuwa takribani shilingi milioni 20 hapa nyumbani, dhidi ya milioni 80 hadi 100 India. Bei hubadilika, ulizeni ya leo, lakini tofauti ya namna hiyo haifutiki kirahisi. Na kuna faida isiyoandikwa kwenye ankara: timu iliyompasua ndiyo itakayomwona kliniki, faili ni moja, na akipata homa usiku wa Jumamosi kuna mtu wa kumpigia simu ambaye anamjua.

India wana kitu gani basi? Wana uzoefu wa idadi kubwa mno ya wagonjwa, na wana njia kwa kesi ngumu. Kama kundi la damu la mtoaji haliendani na la mgonjwa, kama mwili wa mgonjwa una kingamwili nyingi dhidi ya figo za watu wengine, kama hii ni figo ya pili baada ya ya kwanza kufa, kama mishipa ina hitilafu, hapo safari ina maana na mimi mwenyewe ningeandika barua ya rufaa. Kama foleni ya hapa ni ndefu na hali ya mgonjwa inashuka, nayo ni sababu ya haki. Lakini mgonjwa wa miaka 46 aliye na ndugu wa damu mwenye afya, anayeendana naye, ndiye hasa mgonjwa wa aina inayofanyiwa hapa nyumbani. Kusafiri, au kuendelea kusafishwa damu bila haraka kwa muda fulani, bado ni njia mbili zilizo wazi, na kama moyo wake hauna nguvu ya kubeba upasuaji, hiyo ya pili ndiyo salama kuliko zote. Ndiyo maana kipimo cha moyo, eko, kitangulie mazungumzo yote ya tiketi.

Kuna swali ambalo hukuniuliza na linanisumbua kuliko Delhi. Nani aliwaambia kuwa ni presha iliyoua figo? Mara nyingi mtu anafika hospitali figo zimeshafeli na presha iko juu, tunaandika presha, tunaendelea. Lakini figo mbovu yenyewe hupandisha presha, kwa hiyo inawezekana ugonjwa mwingine ndio ulianza. Ikiwa ni ugonjwa wa kurithi, kama figo zenye malengelenge mengi ya maji, mdogo wake anaweza kuwa nao bila kujua, na kumtoa figo kungekuwa kumwandalia mashine yake mwenyewe. Magonjwa mengine hurudi na kuishambulia hata figo mpya. Ulizeni kliniki: utrasaundi ya mwanzo ilionyesha nini? Kuna mwingine katika ukoo aliyevimba miguu, aliyefariki kwa figo?

Na hapo tunafika kwa shangazi. Msiwadharau, wanamlinda kijana. Ila kwenye nguvu za kiume wamekosea. Homoni ya kiume inatengenezwa kwenye korodani, na upasuaji haugusi huko. Anayepungukiwa nguvu hizo mara nyingi ni huyo mwenye figo zilizofeli, na baadhi hurudiwa na hali yao baada ya kupandikizwa. Figo moja inayobaki kwa mtoaji hutanuka na kuongeza kazi, hadi kufikia takribani asilimia 70 ya uwezo wa zile mbili za awali, na mtu huoa, hulima na kuzeeka nayo. Hatari ipo, nisikufiche: watoaji wapatao 3 kati ya 10,000 hufa kwa upasuaji, na huko mbeleni uwezekano wa presha na wa figo kufeli huongezeka kidogo. Kwa kijana wa miaka 29, mwenye kaka aliyefeli figo, "kidogo" hiyo haifai kupuuzwa. Apimwe presha kwa saa 24, protini kwenye mkojo, sukari, na utrasaundi. Aambiwe pia, faraghani, kwamba anaweza kusema hapana hata asubuhi ya upasuaji, na daktari ataiambia familia tu kwamba hafai.

Kabla ya hayo yote vipo vipimo viwili vya kuanzia. Cha kwanza ni kundi la damu, ambalo hukulitaja. Cha pili ni kile cha kuchanganya maji ya damu ya mumeo na chembe nyeupe za mdogo wake kuona kama kuna kingamwili zinazozishambulia. Zikionekana, kwa huyo mtoaji mambo yanasimama hadi yatafutiwe njia nyingine. Kinachochochea kingamwili hizo ni pamoja na kuongezewa damu, kwa hiyo mumeo akiishiwa damu, muulizeni daktari kama sindano za kuongeza damu zinaweza kutosha badala ya chupa ya mtu mwingine.

Kiwanja cha Buswelu msikiuze kwanza. Kabla ya kumtafuta mnunuzi, nendeni duka kubwa la dawa mkaulize bei ya dawa zile tatu kwa mwezi, mwulize maabara ipi inapima kiwango cha takrolimasi na damu ya Mwanza inafikaje huko, kisha mwulize NHIF, au bima mliyo nayo, wanabeba nini na wanakuacha na nini. Wakujibu kwa maandishi. Zidisha kwa miezi 12, halafu kwa miaka 10, kwa sababu figo nzuri kutoka kwa ndugu hudumu hivyo na zaidi. Nimeona familia zilizolipa upasuaji wote kwa mkupuo, na mwaka wa pili mgonjwa anameza dozi ya asubuhi na kuruka ya jioni ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Figo ile hufa kimya kimya, bila maumivu. Kama fedha ya kiwanja ni moja, nusu yake iwe ya dawa. Na kampuni ya takrolimasi isibadilishwe kienyeji kwa kuwa nyingine ni rahisi. Ikibidi kubadilisha, kiwango kipimwe upya.

Akirudi, popote atakakopasuliwa, duka la dawa la mtaani linakuwa sehemu ya hatari. Erithromaisini na klarithromaisini za kikohozi, na flukonazoli ya fangasi, hupandisha takrolimasi hadi sumu. Rifampisini, ile ya kifua kikuu, huishusha hadi figo inakataliwa, na kifua kikuu chenyewe humpata kirahisi mtu ambaye kinga yake imefungwa. Diklofenaki ya mgongo huikausha figo. Balungi aliache. Mitishamba ya kusafisha figo ndiyo kabisa. Kila dawa ipite kwa kliniki kwanza, hata ile ya mafua.

Mkiishia kusafiri, mawili. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, na baada ya kupandikizwa haruhusiwi kuchomwa tena. India hudai cheti hicho kwa wanaotoka au kupitia nchi nyingi za Afrika, na safari nyingi za kutoka kwetu hupitia Addis au Nairobi. Ashauriane na daktari sasa, mapema, na kama hafai kuchanjwa apewe barua ya msamaha. La pili, asafishwe damu siku moja kabla ya kupanda ndege, abebe majibu mapya ya homa ya ini B na C na ya VVU, na awe na nafasi iliyothibitishwa ya mashine kule kabla hajaondoka.

Wiki hii mpelekeni yeye na mdogo wake pamoja kwenye kliniki ya figo, si kwenye chumba cha mashine, mkaombe rufaa ya tathmini ya upandikizaji. Na yapo mambo ambayo hayangoji kliniki wala jibu langu. Akitetemeka kwa baridi na homa, hasa kama anasafishwa kwa mpira wa shingoni, akibanwa pumzi akilala chali, akilegea ghafla miguu na mikono au moyo ukipiga ovyo baada ya kuruka zamu, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku. Mkifika, mwambieni wa mapokezi kabla ya kitu kingine chochote kwamba huyu ni mgonjwa wa kusafishwa damu, na siku aliyosafishwa mara ya mwisho.